Serikali za mseto na Bunge la Italia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kabla halijawa neno la siasa, mseto ni mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja. Roma imekuwa ikipika mseto wa aina yake tangu vita vya pili vya dunia viishe, na kila chungu kikifurika maswali huwa yale yale. Majibu mengine hapa chini ni mafupi. Mengine yametuponyoka yakawa marefu.

Ni kweli Italia imekuwa na serikali karibu 70 tangu vita viishe?

Ni kweli, ila hesabu yenyewe ina ujanja. Serikali ya Giorgia Meloni, iliyoapishwa tarehe 22 Oktoba 2022, ni ya 68 tangu Waitaliano wapige kura ya kuondoa ufalme mwaka 1946. Lakini kule serikali huhesabiwa mpya kila Waziri Mkuu anapojiuzulu na nyingine kuapishwa, hata kama anayerudi ni yule yule aliyeondoka wiki mbili nyuma. Giulio Andreotti peke yake ameongoza serikali 7, Silvio Berlusconi 4. Na kwa zaidi ya miaka 40 chama cha Democrazia Cristiana hakikukosekana katika serikali hata moja: waliokaa vitini walibadilishana, nyumba ikabaki ya mwenyewe.

Serikali ya pili ya Berlusconi, iliyoapishwa Juni 2001, ilidumu siku 1,412 na ikaingia katika kumbukumbu kama rekodi. Muhula wa Bunge ni miaka 5. Hata hiyo haikuumaliza.

Mbona chama kimoja kisishinde kikatawala peke yake?

Kwa sababu katiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1948 iliandikwa na watu waliotoka kuishi miaka 20 chini ya dikteta Mussolini, na hawakutaka kumwona tena mtu mmoja ameshika kila kitu. Uchaguzi ukawa wa uwiano, yaani kila chama hupata viti kulingana na kura zake, vyama vikazaana. Sheria za uchaguzi zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Ile ya 2017, wanayoiita Rosatellum, inagawa viti karibu theluthi moja na ushei kwa majimbo ya mshindi mmoja, vilivyobaki kwa uwiano. Katika majimbo hayo ukisimama peke yako umejimaliza, kwa hiyo vyama hufunga ndoa kabla ya kura.

Mwaka 2022 ndiyo mfano mzuri. Fratelli d'Italia ya Meloni ilipata takriban asilimia 26, Lega na Forza Italia kila kimoja asilimia 8 na kitu. Kwa pamoja walifika kama asilimia 44, na kwa kuwa wapinzani wao walisimama wametawanyika, asilimia hizo 44 zikazaa viti 237 kati ya 400 vya Baraza la Wabunge na 115 kati ya 200 vya Seneti. Ushindi mnono. Lakini ondoa Lega peke yake, au Forza Italia peke yake, uone kama wingi unabaki. Haubaki. Hapo ndipo siasa yote ya Italia ilipo.

Waziri Mkuu anachaguliwa na nani?

Si na mpigakura. Nembo ya Lega kwenye karatasi ya kura ilikuwa imeandikwa «Salvini Premier» mwaka 2018 na 2022, yaani kiongozi wake Matteo Salvini awe Waziri Mkuu, na hiyo ni biashara matangazo. Kisheria, kifungu cha 92 cha katiba kinampa Rais wa Jamhuri kazi ya kumteua Waziri Mkuu, na mawaziri kwa mapendekezo ya huyo Waziri Mkuu. Kabla ya hapo Rais huwaita viongozi wa vyama ikulu ya Quirinale, kundi moja baada ya jingine, na kila kundi likitoka husimama mbele ya vipaza sauti na kusema maneno ambayo waandishi hukesha wakiyafasiri.

Akishaapishwa, kifungu cha 94 kinampa siku 10 kwenda mbele ya mabaraza yote mawili kuomba kura ya imani. Si lazima awe mbunge. Mario Draghi hakuwa mbunge, wala Giuseppe Conte, profesa wa sheria ambaye wapigakura wengi hawakuwa wakimjua kabla ya 2018.

Ni kweli mabaraza mawili yana nguvu sawa kabisa?

Sawa kabisa, na hili ndilo watu wengi hawaliamini mpaka walione. Montecitorio (Baraza la Wabunge) na Palazzo Madama (Seneti) lazima yapitishe mswada ule ule, neno kwa neno. Seneti ikibadilisha koma, mswada unarudi Montecitorio. Waitaliano huuita mwendo huo navetta, yaani kile kidude cha mfumaji kinachokwenda na kurudi kati ya nyuzi.

Imani nayo inatakiwa kote kuwili. Romano Prodi alilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2006 muungano wake ulishinda Montecitorio kwa kura kama 24,000 tu nchi nzima, na sheria ya wakati ule ikampa mshindi nyongeza ya viti, akawa na raha. Seneti haikuwa na nyongeza ya kitaifa, na huko alibaki na wingi wa viti viwili. Kwa karibu miaka miwili uhai wa serikali ulitegemea nani ana mafua. Maseneta wa maisha, wasiochaguliwa na wananchi, walibebeshwa mzigo usiowahusu: Rita Levi-Montalcini, mshindi wa Nobel ya tiba aliyezaliwa 1909, alikuwa akienda kupiga kura na umri unakaribia karne, huku upande wa pili ukimzomea.

Basi serikali huangushwa vipi? Upinzani huleta hoja ya kutokuwa na imani?

Huleta. Katiba inataka iwe na saini za angalau moja ya kumi ya wajumbe wa baraza husika, na isijadiliwe kabla ya siku 3 kupita. Lakini tangu 1948 hakuna serikali hata moja iliyoondoka kwa hoja ya namna hiyo. Serikali za Italia haziuawi na adui. Zinauawa na wa nyumbani, na mara nyingi Bunge huitwa kushuhudia mazishi tu.

Serikali zilizokuwa tayari kazini zikaomba imani bungeni na kushindwa ni 2, na zote ni za huyo huyo Prodi. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 9 Oktoba 1998: 313 walipinga, 312 waliunga mkono. Kura moja. Rifondazione Comunista, chama kilichokuwa kikimbeba kutoka nje ya baraza la mawaziri, kilikataa bajeti yake. Mara ya pili ni tarehe 24 Januari 2008 Seneti, 161 kwa 156, baada ya waziri wa sheria, Clemente Mastella, kujiuzulu na kuondoka na kichama chake kidogo. Siku ile ukumbi wa Seneti uligeuka kilabu cha pombe. Seneta mmoja wa upinzani alijishindilia vipande vya mortadella, soseji nene ya Bologna, mdomoni mbele ya kamera, maana mortadella ndilo jina la utani la Prodi, mtu wa Bologna, na chupa ya mvinyo wa povu ikafunguliwa hapo hapo. Spika wa Seneti akawakumbusha kwamba wako bungeni, si hotelini.

Zipo pia zilizoshindwa siku ya kwanza tu, wakati wa kuomba baraka. Kituko kikubwa ni cha Amintore Fanfani mwaka 1987. Chama chake mwenyewe kilijizuia kupiga kura ili aanguke, kwa sababu kilitaka uchaguzi wa mapema. Waliompigia kura ya ndiyo walikuwamo wapinzani waliotaka abaki. Usijaribu kumweleza mtoto.

Kama hazishindwi kura, mbona zinaanguka?

Tazama Draghi. Serikali yake ya Februari 2021 ilikuwa na karibu vyama vyote ndani: ilipewa imani kwa kura 262 Seneti na 535 Montecitorio. Tarehe 14 Julai 2022 maseneta wa chama cha Movimento 5 Stelle walikaa nje wakati wa kura ya imani juu ya amri ya dharura ya misaada. Serikali ilishinda 172 kwa 39, na jioni ile ile Draghi akaenda kujiuzulu. Hoja yake ilikuwa kwamba mapatano yaliyoizaa serikali yamevunjika, na idadi haiwezi kuyaunga. Rais Sergio Mattarella alimkatalia, akamwambia arudi bungeni. Akarudi tarehe 20, akapata 95 kwa 38: ameshinda tena! Ila safari hii Lega na Forza Italia nao hawakupiga kura. Kesho yake akaondoka, Mattarella akavunja Bunge, na uchaguzi ukafanyika tarehe 25 Septemba.

Enrico Letta, Waziri Mkuu wa 2013 na 2014, hata hiyo nafasi hakuipata. Oktoba 2013 Bunge lilimpa imani. Februari 2014 kikao cha uongozi wa chama chake, Partito Democratico, kilipiga kura 136 kwa 16 kutaka uongozi mpya, na Matteo Renzi, aliyekuwa amemwambia hadharani mwezi mmoja kabla akae kwa amani, akachukua kiti. Wabunge walikuja kupigia kura kilichokwisha amuliwa kwingine.

Na kuna wakati Bunge linakuwa jukwaa. Agosti 2019 Matteo Salvini, naibu Waziri Mkuu, alitangaza kwamba muungano wa Lega na 5 Stelle umekwisha, akitegemea uchaguzi ambao kura za maoni zilimwonyesha anaushinda. Conte hakusubiri kupigiwa kura. Tarehe 20 alisimama Seneti, Salvini ameketi ubavuni kwake kabisa, akamsema kwa karibu saa nzima: amejali maslahi yake, anatumia alama za dini kuombea kura. Salvini akatoa rozari mfukoni, akaibusu. Conte akaenda kujiuzulu, na wiki mbili baadaye aliapishwa upya, safari hii pamoja na Partito Democratico. Salvini akajikuta upinzani. Mtego aliutega mwenyewe.

Nasikia serikali yenyewe huomba kura ya imani mara kwa mara. Inajitafutia nini?

Hili ndilo jambo ambalo magazeti ya nje hulikosea zaidi. Ukisoma «serikali ya Italia yashinda kura ya imani», usidhani ilikuwa taabani. Mara nyingi ilikuwa inapitisha mswada tu.

Kazi inakwenda hivi. Serikali inatoa amri ya dharura yenye nguvu ya sheria, ambayo chini ya kifungu cha 77 inakufa baada ya siku 60 kama Bunge halijaithibitisha. Siku zinakatika, wapinzani wameleta mapendekezo ya mabadiliko mamia kwa mamia, na mbaya zaidi washirika wa mseto nao wameleta ya kwao. Waziri anasimama anasema: serikali inaiweka imani juu ya mswada huu. Mapendekezo yote yanaanguka palepale. Kura inakuwa ya wazi, jina kwa jina. Kila mmoja anapita chini ya meza ya Spika na kutamka sì au no. Ukipinga kifungu kimoja usichokipenda umeiangusha serikali nzima, na pengine kiti chako kimekwenda nayo.

Kwa hiyo kura ya imani, iliyobuniwa iwe kamba ya Bunge shingoni mwa serikali, imegeuka fimbo ya serikali mgongoni mwa wabunge wake yenyewe. Serikali za kulia zimeitumia, za kushoto pia, na za wataalamu wasio na chama ndiyo usiseme. Kila upinzani huilaani kwa sauti kubwa mpaka siku utakapoingia Palazzo Chigi, ofisi ya Waziri Mkuu. Mara nyingine serikali hukunja mswada mzima ndani ya pendekezo moja refu, vifungu mamia, na baraza la pili hupata siku chache tu za kuusoma kabla muda haujaisha. Hapo ule usawa wa mabaraza mawili tulioueleza juu unabaki wa kwenye karatasi.

Wadunguaji ni akina nani?

Franchi tiratori, ndivyo Waitaliano wanavyowaita: wabunge wanaopiga kura dhidi ya upande wao wakijificha nyuma ya kura ya siri. Mwaka 1988 kura ya siri ilipunguzwa sana kwa sababu yao, ila imebaki kwa kuchagua watu na kwa mambo ya dhamiri na haki za mtu.

Aprili 2013 Partito Democratico walimpigia makofi Prodi wakiwa wamesimama, wakakubaliana kumpa urais, ambao huamuliwa kwa kura ya siri bungeni. Mchana ule ule alipata kura 395, zikihitajika 504. Hesabu ilionyesha watu 101 wa upande wake walikuwa wamemgeuka, na mpaka leo hakuna orodha ya majina. Ikabidi wamsihi Rais aliyekuwapo, Giorgio Napolitano, mwenye umri wa miaka 87, aongeze muhula.

Huwa wanadungua pia kwa kumsaidia mtu. Oktoba 2022, siku ya kwanza ya Seneti mpya, Forza Italia walimnunia Meloni na karibu wote hawakumpigia kura Ignazio La Russa, mgombea wake wa kiti cha Spika. La Russa alishinda kwa kura 116. Hesabu haiwezi kutimia bila kura za upinzani. Nani alitoa? Wote walikana.

Mbunge akihama chama anapoteza kiti?

Hapana. Msomaji wa Tanzania au Kenya, ambako ukikihama chama kilichokuleta bungeni kiti kinaondoka, atashangaa. Kifungu cha 67 kinasema kila mbunge anawakilisha taifa na hafungwi na maagizo ya mtu. Anayehama huingia kundi jingine, au kundi la mchanganyiko ambalo hupokea kila aina ya mhamaji, na maisha yanaendelea. Wale wahamaji wa Tanzania wa «naunga mkono juhudi» wangeishi raha mustarehe.

Kwa serikali ya mseto maana yake ni kwamba wingi unaweza kuokotwa. Tarehe 14 Desemba 2010 Berlusconi, baada ya mshirika wake Gianfranco Fini kumwacha na kuondoka na watu wake, aliokoka Montecitorio kwa 314 kwa 311. Januari 2021 Conte naye alijaribu baada ya Renzi kuondoa mawaziri wake: akapata 156 Seneti, zilitosha kushinda siku ile lakini hazikufika 161, nusu ya maseneta wote na zaidi. Alitafuta wa kumwongezea, hakupata, wiki iliyofuata akajiuzulu.

Washirika wakipishana bungeni, lazima serikali ivunjike?

Inategemea kama imani imewekwa. Desemba 2023 Montecitorio ilikataa mabadiliko ya mkataba wa mfuko wa Ulaya wa kuokoa nchi zenye shida ya fedha: 184 walipinga, 72 waliunga mkono, 44 hawakuegemea upande. Meloni na Lega walipinga, Forza Italia wakajizuia. Kesho yake baraza la mawaziri lilikuwa pale pale.

Mambo makubwa hujaribiwa kumalizwa kabla hayajafika ukumbini. Zamani kulikuwa na kipimo walichokiita «manuale Cencelli», hesabu ya kugawana wizara na nafasi za chini kwa uzito wa kila chama na kila kambi ndani ya chama. Mwaka 2018 Lega na 5 Stelle waliandikiana «mkataba wa serikali», kama wapangaji wawili wasioaminiana. Ulidumu miezi 14.

Rais wa Jamhuri ni pambo tu?

Wakati wa shwari, karibu hivyo. Wakati wa tufani yeye ndiye nahodha. Mei 2018 Mattarella alikataa kumteua Paolo Savona waziri wa uchumi kwa kuhofia msimamo wake juu ya sarafu ya yuro. Luigi Di Maio wa 5 Stelle akadai Rais ashtakiwe bungeni. Siku chache baadaye yakaisha, Savona akapewa wizara nyingine, na Conte akaapishwa tarehe 1 Juni, takriban miezi mitatu baada ya uchaguzi. Ni Rais pia anayevunja Bunge, akishasikiliza maspika wawili, na hawezi kulivunja katika miezi 6 ya mwisho wa muhula wake, isipokuwa ikiangukia mwisho wa muhula wa Bunge lenyewe. Waziri Mkuu anaweza kutaka uchaguzi. Kuutoa si kazi yake, na Salvini mwaka 2019 hilo alilisahau.

Kupunguza wabunge kumesaidia?

Kumepunguza viti. Kura ya maoni ya Septemba 2020 ilishusha idadi kutoka 945 hadi 600, na takriban asilimia 70 waliunga mkono. Kamati zina watu wachache, kazi ni ile ile, na kwenye Seneti ya watu 200 wagonjwa wanne ni habari kubwa.

Na huo mpango wa Meloni wa kumchagua Waziri Mkuu moja kwa moja?

Serikali yake iliuleta Novemba 2023. Wananchi wangemchagua Waziri Mkuu wenyewe, na muungano wake ungehakikishiwa wingi bungeni. Seneti iliupitisha kwa mara ya kwanza tarehe 18 Juni 2024. Kubadilisha katiba kunataka kila baraza lipitishe mara mbili, kwa pengo la miezi isiyopungua 3, na kama mara ya pili theluthi mbili haikufika, mswada unaweza kupelekwa kwa wananchi. Renzi alipita njia hiyo hiyo na mageuzi yake ya Seneti, akaahidi kuondoka akishindwa. Tarehe 4 Desemba 2016 karibu asilimia 59 walisema hapana, na usiku ule ule akatangaza kwamba anaondoka.